Chicago 1885: Ukuta Ulibebwa na Nani?

Pita Kariakoo popote panapojengwa ghorofa: nguzo na mihimili hutangulia, sakafu juu ya sakafu, tofali huja baadaye kuziba uwazi. Toboa ukuta mmoja, jengo halishtuki. Wengi husema ufundi huo ulizaliwa Chicago mwaka 1885, kwenye Home Insurance Building ya William Le Baron Jenney, ghorofa 10, mita 42, nao hulivika taji la jengo refu la kwanza la kisasa duniani.

Urefu wenyewe si hoja. Hoja ni nani aliyebeba uzito. Zamani ukuta ulijibeba na kubeba sakafu zote, na kila ghorofa iliyoongezwa juu ilinenepesha ukuta wa chini. Jengo la Monadnock, la mji huohuo, lilikamilika 1891 likiwa na ghorofa 16 na ukuta wa chini wenye unene wa karibu mita 1.8, mtu mzima angelala kwenye unene huo bila miguu kutokeza. Na hapo chini, panapoliwa na ukuta, ndipo penye kodi kubwa ya pango! Jenney alifupisha mambo: nguzo za chuma ndani ya kuta za mtaani, na ghorofa za juu mihimili ya feleji, chuma kigumu zaidi.

Wanaompinga wana ushahidi mzito. Kuta za upande wa majirani zilibaki za matofali yanayobeba mzigo, na ghorofa za chini zilikalia nguzo nene za granaiti. Jengo lilipobomolewa 1931, kamati ya wasanifu ilikagua mifupa yake na kulithibitisha kuwa la kwanza. Ila kamati hiyo iliundwa na wasimamizi wa mirathi ya Marshall Field, tajiri wa maduka wa Chicago, waliokuwa wakijenga jengo jipya papo hapo. Nani hapendi kuambiwa kiwanja chake kina historia?

Kwa maoni yangu taji limetiwa chumvi; lile lilikuwa jengo la nusu kwa nusu. Lakini wasanifu mashuhuri wa Chicago, Sullivan, Burnham, Holabird na Roche, wote walipitia ofisini kwa Jenney, na hao wawili wa mwisho ndio waliosimamisha Tacoma Building, ghorofa nyingine ya mji huo, mwaka 1889. Kama ni ualimu, sina ubishi.

Leo kwenye kiwanja chake kuna jengo la ghorofa 45, la mwaka 1934. Monadnock, lenye ukuta mnene wa kizamani, bado lipo na wapangaji wake.