Hadi diski yangu ina kifafa

Jamani ngoja niseme kabla sijapasuka. Wiki nzima laptopu yangu inatoa sauti kama mtu anatafuna bisi gizani, tak, tak, krrr, kimya, tak. Mi nikajua panya. Nikatega sumu nyuma ya kabati wallahi, nikashinda nachungulia. Jana asubuhi laptopu ikagoma kuwaka, dogo wa jirani yupo chuo akaja kuisikiliza akasema "anko, hadi diski inakufa hiyo, ile inayotunza mafaili yako yote, hamisha vitu vyako leoleo".

Basi Kariakoo. Daladala siwahadithii, nimeshuka na laptopu yangu pamoja na kiwiko cha mtu mbavuni.

Nikanunua SSD, ile aina mpya ya diski, ya jibi (gigabaiti) 500, ina wepesi wa chapati ya mgahawani, kufika kwa fundi kuichomeka inasoma 465. Nikageuka nikafuate jibi zangu 35, fundi akanivuta shati, "Bosi tulia, kiwandani wanahesabu kwa elfu elfu, kompyuta inahesabu kwa 1024, hujaibiwa." Yaani 35 hazipo na mwizi hayupo! Buchani angalau mfupa unaona unavyowekwa kwenye mizani.

Sasa fundi akaichomoa ile ya zamani, akaichomekea waya, akaiweka sikioni akafumba macho. Mi nimesimama hapo kama mume nje ya wodi ya wazazi. Akafumbua, "Una bakapu, nakala ya akiba?" Nikakohoa nikamjibu kwa sauti ya mtu mwenye mipango yake, "Ninayo, kwenye folda inaitwa BAKAPU." "Iko wapi?" "Humohumo."

Dogo mmoja anasubiri chaja akacheka mpaka akashika ukuta.

Na skrini ya fundi ni tivi kubwa imetazama barabarani, kwa hiyo maisha yangu yote yakafunguliwa mbele za watu. Folda mpya. Folda mpya 2. MPYA KABISA. USIFUTE. USIFUTE 2. Nyingine inaitwa asdfg. Mama mmoja kaleta simu kubadilishwa kioo akavuta stuli, "Baba, hiyo ya usifute ina nini?" Mama sikumbuki ila niliandika usifute. "Basi fundi, isifutwe." Ikafunguliwa, ina programu ya printa. Printa yenyewe niliiuza zamani nikalipia kodi ya nyumba. Yule mama kaniangalia vile unavyomwangalia mtoto aliyejikojolea ugenini.

Kuhamisha kukaanza. Zimebaki dakika 40. Nikaagiza chai. Narudisha macho, masaa 6. Namung'unya kitumbua, siku 2. Ghafla sekunde 10, nikasimama nikafunga kifungo cha shati kabisa, ikasema masaa 11. Fundi anasema kuna sehemu zimeoza, diski ikifika hapo inasoma, inashindwa, inarudia, inashindwa, inarudia. Na imeng'ang'ania wapi? Video ya harusi ya shangazi, masaa manne, nusu yake watu wanakula.

"Bosi tuiruke hii?"

Tuiruke harusi ya shangazi? We unataka ukoo unitenge? Mama wa simu akasema aruke hapo kwenye msosi tu, dogo wa chaja akasema bora zirukwe hotuba, ikawa kikao. Fundi katulia, ndo anatuambia kuna programu inabeba kwanza vile vizima vyote, halafu inarudi kuhangaika na vibovu mwishoni. Sasa kwa nini hukuanza nayo tangu saa tano asubuhi? "Si hukuuliza."

Nilinyamaza. Mle ndani kuna picha za mwanangu tangu yuko kwenye beseni, kuna vyeti, kuna mikataba, na mi ndo niwe mtunzaji, mi nani, makumbusho? Zamani picha zilikaa kwenye albamu, albamu kwenye kabati la vyombo, adui yake mchwa na wageni wanaokuomba moja hawarudishi. Mchwa hata hakuulizi kama una bakapu! Nikiwa hapohapo na hasira zangu, umeme ukakata.

Sitaki kuongelea hapo katikati. Nimerudi nyumbani saa nne usiku, vitu vimehama, harusi imepona isipokuwa pale shangazi anapolishwa keki, picha imeganda kinywa wazi. Diski mbovu nimeitupia kwenye droo na rimoti ya ile tivi iliyoibiwa, mama watoto kanitazama hajasema kitu.

Saa nane usiku nasikia tak, tak, krrr. Laptopu imezimwa, na SSD haina hata kitu kimoja kinachozunguka ndani. Kumbe panya yupo kweli. Na yule muuza sumu anayepitaga na spika kila siku alfajiri kutuamsha wote, leo namsubiri nje na jero yangu mkononi toka saa kumi na mbili, hajapita.