Grafu yenye nukta, kila nukta iwe na linki yake

Mi naamini kabisa ukichora grafu ya nukta ukaiweka mtandaoni bila linki ya kumpeleka anayebofya kwenye data ya nukta hiyo, kazi umeifanya nusu. Kuna siku nilichora joto la vituo vya hali ya hewa, nukta zimejazana sehemu moja alafu moja imekaa juu peke yake, kwenye 71. Joto la hewa nyuzi 71 hakuna kitu kama hicho duniani, kwa hiyo ikabidi nirudi kwenye jedwali, nichuje mistari, nitafute faili la kile kituo, ndo nakuta mtu aliandika 71 badala ya 17. Ile nukta ingekuwa na linki ningebofya mara moja nikaona yote.

Na wala sio kazi ngumu. Ukiwa na Matplotlib, maktaba ya Python ya kuchora grafu, ukishachora scatter (ndo hiyo grafu ya nukta) unaita set_urls unaipa orodha ya anwani kwa mpangilio uleule wa nukta, basi. Ila hapa ndo wengi wanakwama, lazima usevu kwa SVG, aina ya faili la picha linaloweza kubeba linki, maana PNG ni picha ya pikseli tu na haina pa kubebea linki, utabofya mpaka uchoke. Tena ukishaipata hiyo SVG usiiweke kwenye ukurasa kwa tagi ya img, linki zinakufa hapohapo, ibandike yenyewe ndani ya HTML au tumia tagi ya object. Hili halisemwi sana na linakula muda wa watu, mtu anadhani kodi yake ya Python ndo mbovu kumbe haina shida.

Altair, maktaba nyingine ya Python, yenyewe unaipa href jina la kolamu yenye anwani, imeisha, ingawa kawaida inafungua kwenye tabo ileile na msomaji anaondolewa kwenye grafu aliyokuwa anaiangalia, kwa hiyo weka target iwe _blank, ifungue tabo mpya. Bokeh, nayo maktaba ya Python, unatumia TapTool (ya kunasa mbofyo) pamoja na OpenURL (ya kufungua anwani), anwani unaiandika mara moja tu, ndani yake unatia jina la kolamu likitanguliwa na @, kila nukta inajaziwa ya kwake. Hii ndo naipenda zaidi.

Kitu ambacho sikubaliani nacho ni kubandika linki kwa mkono baada ya kuchora. Data ikipangwa upya kidogo tu, nukta ya kituo hiki inakupeleka kituo kingine, na msomaji hana namna ya kujua kwamba amedanganywa, bora hata usingeweka. Anwani ikae kwenye kolamu, mstari mmoja na kipimo chake, ili vikihama vihame pamoja. Na kama anwani unaiunga kutoka kwenye majina yenye nafasi au alama za ajabu, pitisha kwanza kwenye quote ya urllib.parse, kitendaji cha Python kinachogeuza hizo alama zikubalike kwenye anwani. Mi siku hizi hiyo kolamu naitengeneza kabla sijachora chochote, alafu nabofya nukta tatu nne za mbalimbali kuhakikisha, nikianza na ile iliyokaa peke yake, maana ndo kila mtu ataibofya kwanza.