P2 na zile saa 72 zinazosahaulika

Vyuo vya Moshi vimekaa karibu karibu: Ushirika, Mwenge, KCMC, na vyuo vya kati kadhaa. Hosteli hazitoshi, kwa hiyo wanafunzi wengi wamepanga mtaani. Kwa watu wanaowalea na kuwafundisha kuna mabishano ya muda mrefu kuhusu P2, vidonge vya dharura vya kuzuia mimba. Wapo wanaotaka viuzwe kwa cheti cha daktari tu. Wengine wanasema viachwe kama vilivyo: mtu anaingia duka la dawa, anataja jina, anapewa.

Wanaotaka vibanwe wana hoja nzito, na iliyo nzito kuliko zote wala haihusu dini. P2 imempa mwanaume kisingizio. Binti anasema bila kondomu hapana, anaogopa mimba. Anajibiwa: "Si utameza P2?" Mara nyingi anayejibiwa hivyo ni yule ambaye bumu limechelewa, na kodi ya geto imelipwa na jamaa huyo huyo. Nguvu ya kukataa alikuwa nayo kidogo tu, nayo imepunguzwa. Mzazi au mchungaji anaposema urahisi wa vidonge hivi umelegeza tahadhari, hazushi. Na wanafunzi walioamua kusubiri hadi ndoa wapo, wengi kuliko inavyodhaniwa, wanastahili kuheshimiwa badala ya kuchekwa.

Hoja nisiyoikubali ni ile ya kwamba P2 inaharibu kizazi. Dawa iliyomo huchelewesha yai kutoka. Yai likishatoka haina msaada, na mimba ikishatunga haiitoi. Inaweza kuvuruga hedhi ya mwezi ule, na anayeimeza mara kwa mara atavurugikiwa zaidi, huku akitegemea njia dhaifu kuliko sindano, kijiti au kitanzi, ambavyo vituo vya serikali hutoa bure. Lakini ugumba hauletwi nayo. Uvumi huo unaumiza: binti anaacha kumeza siku anayoihitaji kweli, mimba inaingia, anaishia mikononi mwa watu wa vichochoroni, kwa sababu sheria yetu hairuhusu kutoa mimba isipokuwa kuokoa maisha ya mama.

Sharti la cheti nalo linagongana na saa. P2 inatakiwa kumezwa ndani ya saa 72, na inapoteza nguvu kadiri muda unavyokwenda. Ukimlazimisha mwanafunzi apange foleni hospitali ya Mawenzi, saa za vipindi, kwenye benchi ambalo huenda ameketi mama wa jumuiya yao, atakata tamaa au atachelewa. Kwa hilo nasimama na wanaotaka vidonge viendelee kupatikana.

Ila nao wasijisifu mapema. Tazama biashara yenyewe inavyofanyika, jioni, duka la dawa karibu na stendi. Binti anasubiri wateja wengine waondoke, anasogea dirishani, anasema "P2" kwa sauti ya chini. Muuzaji anatia boksi kwenye mfuko wa kaki, anapokea hela. Haulizi tukio lilikuwa lini. Haulizi kama mteja anatumia dawa za kifua kikuu, ingawa rifampisini, mojawapo ya dawa hizo, hupunguza nguvu ya P2. Hasemi kwamba kitanzi cha shaba kikiwekwa ndani ya siku 5 kinazuia mimba kwa uhakika zaidi kuliko P2. Huyo ndiye mhudumu wa afya pekee ambaye binti huyu ataongea naye kwa suala hili, na wameongea neno moja.

Na pande zote mbili zinabishania mimba peke yake. Utafiti wa kitaifa wa 2022/23 ulikuta VVU kwa asilimia 4.4 ya Watanzania wenye miaka 15 na zaidi, wanawake 5.6, wanaume 3.0. Maambukizi mapya yalikadiriwa kuwa takriban 60,000 kwa mwaka. P2 haizuii VVU, kisonono wala kaswende. Ipo PEP, vidonge vya kuzuia VVU vinavyoanzwa baada ya tukio lenye hatari na kumezwa siku 28, na mwisho wa kuanza ni saa 72. Tukio ni lile lile, na saa ni zile zile. Lakini P2 iko dirishani, PEP iko hospitali, mara nyingi kupitia CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU, ambako wengi wanaogopa hata kuonekana wakiingia.

Wapo watakaosema wazazi wa huku hawatakubali mazungumzo haya chuoni. Mkoa huu huu wa Kilimanjaro ulianza kuchanja wasichana dhidi ya HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, kwa majaribio mwaka 2014, kabla chanjo haijaenea nchi nzima 2018, nacho ni kirusi kinachoambukizwa kwa ngono. Tangu 2019 sheria inamruhusu kijana wa miaka 15 kupima VVU bila idhini ya mzazi. Mwanachuo wa miaka 21 anafichwa nini?

Ningependa wauza dawa wafundishwe maswali matatu ya kuuliza kwa sauti ya chini, na vyuo vyenye zahanati viwe na dozi za kuanzia za PEP hata wikiendi. Kwa sasa, aliyekutwa na jambo hili Jumamosi saa 5 usiku akingoja kliniki ya Jumatatu saa 2 asubuhi, ameshapoteza saa 33. Aende hospitali Jumapili hiyo hiyo, kitengo cha dharura, aitaje PEP kwa jina.