Fundi wa Lucama na vititia vyake vya chuma

Watoto wa pwani wanakijua kititia, kile kidude cha ukuti kinachochomekwa kwenye kijiti, ambacho mtoto hukimbia nacho akikabili upepo ili kizunguke. Ninaanza na kititia kwa sababu sijaona neno jingine la Kiswahili linalozikaribia kazi za hayati Vollis Simpson, mzee aliyeishi karibu na mji mdogo wa Lucama katika jimbo la North Carolina, Marekani. Tofauti ni kwamba vititia vya Simpson viliundwa kwa chuma chakavu, vikasimamishwa kando ya barabara ya shamba, na vikubwa kati yake vilifikia kimo cha mita 15 hivi.

Simpson alizaliwa mwaka 1919. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alikuwa askari katika kisiwa cha Saipan, Bahari ya Pasifiki, na huko aliunda mashine ya kufulia nguo iliyoendeshwa kwa upepo, akitumia vipuri vya ndege mbovu ya kivita aina ya B-29. Aliporudi kwao alifanya kazi ya kutengeneza mashine za wakulima na viwanda, pamoja na kazi ya kuhamisha nyumba. Kwetu jambo hilo huonekana kama mzaha, lakini kule nyumba nyingi ni za mbao, na mtu anaweza kuinuliwa nyumba yake nzima, ikapakiwa juu ya gari na kupelekwa kiwanja kingine. Alipostaafu katikati ya miaka ya 1980 alikuwa na vyuma tele vilivyobaki uani, winchi alizojiundia mwenyewe, na mikono isiyozoea kukaa bure.

Wanaomwandika humwita msanii wa jadi aliyejifundisha mwenyewe. Ninajua maneno hayo yanakusudiwa kumpa heshima, na hata hivyo yananikera. Yanamfanya msomaji adhani kwamba mzee wa watu aliamka asubuhi moja akiwa hana ujuzi wowote, akajaribu bahati yake, na maajabu yakatokea. Mtu ambaye kwa miaka 40 riziki yake ilitegemea kujua uzito wa nyumba umekaa upande gani hakuhitaji chuo cha sanaa kimfundishe mizani. Kiswahili kina adabu zaidi hapa, kwa kuwa neno fundi linamchukua mshonaji, mwashi, mchonga milango ya Zanzibar na mchomelea vyuma bila kuuliza kwanza kama kazi yake ni ya matumizi au ya kutazamwa. Simpson alikuwa fundi, na mtu akitaka ushahidi asitazame rangi, atazame beringi, zile pete za chuma zinazoufanya mzigo uzunguke bila kukwama.

Nilisimama chini ya mojawapo ya kazi hizo siku ya upepo mwepesi, katika bustani ya mji wa Wilson ambako nyingi zimehamishiwa. Juu ya mlingoti kulikuwa na boriti ndefu ya kulala, upande mmoja imebeba magurudumu yenye mapanga, upande wa pili ina mkia mpana wa bati. Upepo ulipogeuka, mkia ulisukumwa, na mzigo wote wa chuma ukazunguka taratibu hadi mapanga yakaukabili upepo upya, bila kukwama wala kuyumba. Baadaye kidogo magurudumu madogo yaliamka, mengine yakienda kulia na mengine kushoto. Ukikaribia unaanza kuvitambua vitu vyenyewe: feni za dari, magurudumu ya baiskeli, mabomba, vipuri vya viwanda vya nguo, sufuria. Kila penye nafasi amebandika vipande vidogo vya vibao vya barabarani, vile vinavyorudisha mwanga wa taa, vikiwa vimekatwa kimoja kimoja na kupangwa kama shanga.

Vipande hivyo ndivyo vilivyofanya kazi zake zijulikane usiku. Dereva aliyekata kona ya ile barabara ya shamba gizani aliona msitu mzima ukiwaka na kuzunguka mbele ya taa za gari lake. Vijana wa eneo hilo wakatunga hadithi ya msichana aliyekufa katika ajali ya gari akiwa amelewa dawa za kulevya, na baba yake akajenga ukumbusho wa taa alizoziona mwanawe. Hakuna ukweli ndani yake, lakini mahali pale pakaitwa Acid Park kwa miaka mingi, acid likiwa jina la mtaani la dawa ya kulevya ya LSD. Ninakiri kwamba hadithi hiyo ni nzuri kusimulia; kinachonisikitisha ni kwamba watu waliona ni rahisi zaidi kuamini msiba kuliko kuamini kwamba mzee alipenda tu kazi yake.

Uzee ulipomfika, hakuweza tena kupanda juu kutia grisi. Kutu iliingia, rangi ikafifia, mapanga mengine yakagoma. Mwaka 2010 mji wa Wilson, uliowahi kutajirika kwa mnada wa tumbaku, ulianza mpango wa kuzing'oa, kuzikarabati na kuzisimamisha katikati ya mji, mahali palipokuwa na maghala ya tumbaku. Simpson alifariki mwezi Mei 2013, akiwa na umri wa miaka 94, na bustani ya ekari 2 yenye kazi zake 30 ilifunguliwa rasmi Novemba 2017.

Wapo wanaosema sanaa ya kando ya barabara ikihamishwa imekufa. Mimi siungani nao, kwa sababu mashine iliyoganda kwa kutu ilikuwa imekufa hukohuko barabarani, na waliozihamisha walifanya la maana kuliko yote: walibadilisha beringi, wakahakikisha kila kinachopaswa kuzunguka kinazunguka. Nina nung'uniko moja tu, nalo ni giza. Mjini usiku kuna taa zilizopangwa ziziangazie kazi hizo, ilhali kule shambani ni wewe mpita njia uliyeziwasha kwa taa zako, na ukishapita zikazimika.

Nilimwonyesha video ya bustani hiyo fundi mmoja wa mageti kule nyumbani Tanga, ambaye huchomelea tausi wa vipande vya nondo juu ya mageti ya watu na hajawahi kuulizwa jina lake na wanaowapiga picha. Aliitazama mara mbili, akanirudishia simu, kisha akaichukua tena.

"Dada, hizo beringi za juu, wanazitia grisi kila baada ya muda gani?"

Nilimwambia nitauliza.