Kinanda cha Leipzig, Mwalimu wa Buruburu

Hapa Leipzig, Ujerumani, somo la binafsi la kinanda linauzwa kwa dakika. Mkataba unatiwa saini, ada inakatwa benki kila mwezi, na nusu saa ikiisha mtoto mwingine yuko mlangoni. Mwalimu wa binti yangu ana subira ya ajabu. Atarudia mistari miwili wiki baada ya wiki bila kupandisha sauti, na hakuna mtihani unaomkimbiza.

Kwa ufundi, basi, hawa wametuacha. Nairobi tumeshikwa na homa ya greidi. Mitihani ya ABRSM ya London, greidi ya 1 hadi ya 8, wazazi wengi wameigeuza KCPE nyingine, ule mtihani wa kumaliza shule ya msingi uliofanywa mara ya mwisho 2023. Mtoto anakaririshwa vipande vitatu mwaka mzima, anapita, halafu ukimwomba wimbo wa harusi anakutumbulia macho. Cheti kinapanda ukutani, kinanda kinafunikwa kitambaa sawa na kile cha makochi.

Tabia je? Hapo sibanduki Buruburu, mtaa wetu wa Nairobi. Mwalimu akiingia nyumbani anakaribishwa chai kwanza. Anauliza ripoti ya shule, anasikia mtoto anavyomjibu mamake, na anaweza kusema, "Kabla hatujaanza, nenda ukamwombe dadako msamaha." Mzazi anashukuru! Mwalimu wa huku akithubutu hivyo ataulizwa nani kamtuma. Yeye anafunza adabu ya saa: fika mapema, toa taarifa ukikosa. Si haba, na sisi tunaosingizia msongamano wa Jogoo Road kila Jumamosi ingetufaa.

Kinachonichekesha ni kwamba hata Wajerumani walikuwa kama sisi. Bach, yule mtunzi mashuhuri wa muziki, aliyefanya kazi mji huuhuu kuanzia 1723 hadi alipofariki 1750, alikuwa na wanafunzi waliolala na kula nyumbani kwake. Mpiga nyatiti wa Kijaluo naye aliiva kwa kuandamana na fundi, matangani na kwenye sherehe, akimtazama anavyozicheza nyuzi zile 8 na anavyoishi na watu.

Halafu kuna suala la kusikilizwa. Binti yangu hufanya mazoezi na hedifoni masikioni, maana kuanzia saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi ni kimya, na majengo mengi yanadai kimya cha mchana pia. Nyumbani, ukishaiva kidogo tu, Jumapili unasindikiza kwaya. Ukipotea, akina mama wanaendelea kuimba, wewe utawakuta kwenye kiitikio. Mcheza kwao hutunzwa, lakini pia hufunzwa kuwasikiliza wenzake, na hilo hedifoni haziwezi.

Sitaki kuipamba Nairobi. Mwalimu mzuri ni wa wenye nazo, ndiyo sababu naiheshimu sana kazi ya Ghetto Classics, inayofunza muziki vijana wa mtaa wa mabanda wa Korogocho tangu 2008. Huku mji unachangia gharama za shule ya muziki, na ada inapungua kwa wenye kipato kidogo. Kaunti yetu ingeiga hilo kabla ya kuiga vibao vya maegesho.

Desemba tunakuja. Nimemwandikia mwalimu wangu wa zamani kama atampokea binti yangu likizo nzima. Amejibu: "Mlete. Akate kucha. Vitabu vya mtihani viacheni hukohuko."