Tamthilia Zilizowatia Hofu Wenye Kura

Mgeni anayetaka kuiona historia ya New York hupelekwa kwenye Sanamu ya Uhuru, kisha Wall Street, alikoapishwa George Washington mwaka 1789. Sina ugomvi na sehemu hizo. Ila ningekuwa mimi mwenyeji wake, ningeanzia Thomas Street, mtaa mfupi wa kusini mwa Manhattan, halafu tupande hadi Mercer Street inapokutana na Bleecker. Hakuna jengo la kumwonyesha. Kilichopo ni kisa cha kampuni ya waigizaji weusi, na kwangu mimi kina uzito wa kisiasa kuliko nyumba nyingi za marais zinazotoza kiingilio.

Mwaka 1821 William Brown, mtu mweusi aliyewahi kuwa mhudumu wa meli, alifungua bustani ya starehe nyumbani kwake Thomas Street, akaiita African Grove. Watu weusi walikuja jioni wamependeza, wakala aiskrimu na kusikiliza muziki. Majirani walilalamika, bustani ikafungwa. Brown hakurudi nyuma. Septemba mwaka huohuo kampuni yake ya maigizo iliigiza Richard III, tamthilia ya Shakespeare juu ya mfalme wa Uingereza, na waigizaji wote walikuwa weusi. Tukumbuke kwamba utumwa ulikuwa bado halali katika jimbo la New York. Ulikomeshwa Julai 1827.

Vuli hiyohiyo, kule Albany, mji mkuu wa jimbo, wajumbe walikuwa wakiandika katiba mpya ya jimbo. Waliwalegezea wazungu masharti ya kupiga kura, lakini mwanamume mweusi walimtaka awe na mali ya dola 250. Mordecai Noah, mhariri wa gazeti la National Advocate, ambaye pia alikuwa sherifu wa jiji na mwandishi wa tamthilia, aliyaunganisha mambo hayo mawili waziwazi. Aliikejeli bustani ya Brown, akawaonya wasomaji wake kwamba watu hawa wakiachiwa watataka hata viti vya bunge. Alikuwa na dhuluma, lakini hakukosea kuhusu nguvu ya jukwaa. Mtu aliyesimama jana mbele ya umati akayatamka maneno ya mfalme bila kubabaika, leo utamwambiaje kwamba hana akili ya kumchagua diwani? Shakespeare hakuandika neno juu ya siasa za Marekani. Siasa ilitoka kwenye vinywa vilivyomtamka.

Januari 1822 Brown alipeleka maonyesho yake jirani kabisa na Park Theatre, ukumbi mkubwa wa wazungu. Polisi waliingia wakawakamata waigizaji, na gazeti la Noah likaripoti kwamba waliachiwa baada ya kuahidi kutoigiza tena Shakespeare. Nimeusoma mkasa huu mara nyingi na bado unanichoma. Serikali ya jiji inamwekea mtu sharti la kutotamka mashairi!

Hawakunyamaza. Walihamia Mercer Street. Agosti wahuni waliuvamia ukumbi, na Brown mwenyewe akapigwa. Mwaka 1823 akaweka jukwaani tamthilia aliyoiandika kwa mkono wake, The Drama of King Shotaway, juu ya Joseph Chatoyer, kiongozi wa Wakaribi Weusi, wazao wa Waafrika na wenyeji asilia wa kisiwa cha St Vincent katika Karibi, aliyeuawa mwaka 1795 akipigana na Waingereza. Ndiyo inayohesabiwa kuwa tamthilia ya kwanza ya mwandishi mweusi nchini Marekani. Maandishi yake yamepotea. Mwaka huohuo, katikati ya mchezo wa kuchekesha kutoka Uingereza, walichomeka onyesho la mnada wa watumwa huko Charleston, kusini mwa Marekani. Ni mji uleule ambako Denmark Vesey na wenzake walikuwa wamenyongwa mwaka uliotangulia kwa tuhuma za kupanga uasi wa watumwa. Huo ni ujasiri wa kupindukia.

Wanaotunza orodha ya kitaifa ya maeneo ya historia hutaka mahali pawe pamebaki na sura yake ya zamani. Kipimo hicho kinawapendelea waliokuwa na uwezo wa kujenga kwa mawe, na waliokuwa na dola ya kuwalindia mawe hayo. Seneca Village, kijiji cha weusi walionunua ardhi yao kuanzia mwaka 1825, na baadhi wakapata kura kwa ardhi hiyo, kilibomolewa mwaka 1857 kupisha Central Park, bustani kubwa ya jiji. Kosa la kutobakiza majengo si lao. Na njia nyingine ipo. Dakika chache kwa miguu kutoka Thomas Street, wajenzi walifukua makaburi ya Waafrika mwaka 1991, yakatolewa mabaki ya watu 419, wananchi wakapaza sauti, na mwaka 2006 pakatangazwa kuwa eneo la kumbukumbu la kitaifa.

Kwa hiyo Mercer Street nayo ipewe heshima yake, lakini kibao cha shaba pekee hakitoshi. Mwaka 1797 Waingereza waliwahamisha kwa nguvu watu wa Chatoyer kutoka St Vincent hadi kisiwa cha Roatán, ambacho leo ni sehemu ya Honduras. Wazao wao, Wagarifuna, leo wanaishi kwa maelfu katika eneo la Bronx, ndani ya jiji hilohilo la Brown. St Vincent ilimtangaza Chatoyer shujaa wa taifa mwaka 2002, na humkumbuka kila tarehe 14 Machi. Siku hiyo jiji liufunge mtaa, lijenge jukwaa, na liwalipe waandishi wa Kigarifuna waiandike upya tamthilia iliyopotea. Na waigizaji wasiombwe kibali cha maneno watakayosema.