Wabeba boksi hatuandiki

Nipo Chicago, na kitu ninachowaonea wivu watu wa huku si magari wala barabara. Ni vijarida vyao vya kujichapishia. Mtu anachukua karatasi moja, anaikunja, anaichana kidogo katikati, inamtolea kurasa 8 bila hata pini. Anaandika kwa mkono jinsi alivyotolewa vyombo nje kwa kushindwa kodi, anatoa kopi, basi. Hana mhariri, hana kibali. Duka la Quimby's, lililopo tangu 1991, huvipokea kwa mali kauli: kikiuzwa, mwandishi anachukua chake.

Nilichonacho mezani ni cha mtu aliyekuwa akilala kwenye treni za Blue Line, ambazo hutembea usiku kucha. Haombi huruma. Amechora behewa na kuonyesha kiti kipi hakifikiwi na baridi mlango ukifunguka. Ukurasa mzima ni wa soksi tu: uzikaushe wapi, na kwa nini usivue zote mbili kwa wakati mmoja.

Bongo shida tunazo na mdomo tunao, ila aliyefukuzwa na mwenye nyumba hasemi "mimi". Atakuambia "kuna jamaa yangu mmoja". Ndiyo maana maisha ya mjini tulisimuliwa na kina Ndumilakuwili na Madenge, vikatuni vya gazeti la Sani. Shida ikavalishwa kituko, tukacheka. Lakini Sani lilisomwa na wenye shida wenyewe, nakala moja kwa kinyozi mpaka jalada linang'oka. Hapa kijarida cha umaskini kinauzwa dola 5, na mnunuzi mara nyingi naye ana chake begani. Wanauziana wao kwa wao.

Halafu kuna serikali. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inataka magazeti yawe na leseni, na kanuni za mtandaoni za 2018 zilipokuja, mwenye blogu alitakiwa kulipa kama shilingi milioni 2.1. Ada zilipunguzwa baadaye, sawa, lakini fikiria: utoe milioni mbili ndipo usimulie njaa yako! Watu wakajiongeza. Hadithi ziko WhatsApp, sehemu ya 14 bure, ukitaka ya 15 tuma buku. Nawavulia kofia, ingawa nyingi ni za mapenzi na matajiri wa Masaki.

Wanaonikera ni sisi wabeba boksi, tuliotoka kuja kufanya vibarua ughaibuni. Tunatuma picha kwenye theluji tumeegemea gari la mtu. Nani ameandika zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee, unamgeuza mgonjwa asipate vidonda huku simu inatetemeka mfukoni, ujumbe wa sauti kutoka kwa binamu anayeulizia ada? Tunaogopa kuambiwa tumefulia. Bora uchoke kimya kuliko ukoo mzima ujue kwamba Marekani umelala kwenye kochi la watu miezi.

Kijarida kisicho na jina kingetufaa kabisa, na mashine ya kopi iko hata maktaba ya mtaa. Ugumu ni kwamba anayepaswa kukisoma hayupo Chicago. Yupo Mbagala anatafuta mteja wa kiwanja apate nauli ya kuja huku, na ili kimfikie itabidi kipigwe picha kirushwe kwenye grupu la ukoo, ambako shangazi anajua mwandiko wa kila mtu.